Mwalimu Zawose Hayumo Kwenye Madesa Yetu

Ndugu msomaji, kabla sijamleta mtu ninayetaka kumzungumzia, nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana nikiwa BTP kwenye shule moja ya sekondari kando ya ziwa, nilipewa kidato cha kwanza nifundishe Kiswahili. Siku hiyo mada ilikuwa tanzu za fasihi simulizi, na nilikuwa nimefika kwenye sanaa za maonyesho. Nimegeukia ubao naandika maana ya ngoma, kijana mmoja wa nyuma akaanza kugonga dawati. Nikamwonya mara ya kwanza, nikamwonya mara ya pili, ya tatu nikamtoa nje. Nikamalizia kuandika maana ya ngoma, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia.

Jioni ndipo mwenzake aliponiambia kwamba yule kijana kwao ni wapiga ngoma wa bugobogobo, na babu yake mpaka leo anaitwa kwenye mashindano. Nikakumbuka alichokuwa anagonga. Mkono wa kushoto ulikuwa na mwendo wake, wa kulia una mwendo mwingine, na yote miwili ilikuwa inakutana mahali palepale bila kukosea. Yaani mimi nilikuwa nafundisha ngoma, na mtu pekee darasani aliyekuwa anaijua ngoma nimemweka nje ya mlango.

Niliporudi Malimbe jambo hilo halikunitoka. Nikaanza kujiuliza kama yupo Mtanzania ambaye ujuzi wa namna hiyo, wa vidole na masikio, ulimfanya awe mwalimu kweli, mwalimu wa chuo, si mtu wa kuitwa kuburudisha wageni siku ya mahafali halafu anapewa soda na nauli. Yupo. Anaitwa Hukwe Ubi Zawose. Wengi wetu tuliozaliwa miaka ya 2000 jina lake hatulijui, ingawa huko Ulaya, Marekani na Japani wapo watu wanaotunza kanda na sahani zake za muziki. Kwenye madesa yetu ya ualimu wamo Dewey, Piaget na Vygotsky. Zawose hayumo. Basi leo niwape maisha yake kwa kifupi.

Zawose si mtu wa kanda ya ziwa. Ni Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1938, ingawa wengine huandika 1940. Sisi huku Mwanza mvua tunaiona mara mbili kwa mwaka na ziwa liko mlangoni. Ugogoni mvua ina msimu mmoja, na msimu huo ukikosa, njaa inabisha hodi. Watu wake ni wafugaji na wakulima wa mtama na uwele. Mtoto wa kiume hukua nyuma ya ng'ombe, na porini kule mwenzake mkubwa ni sauti yake mwenyewe. Wagogo wanasifika kwa kuimba. Huimba kwa sauti kadhaa kwa pamoja, moja juu, nyingine chini, na hawakusubiri mmisionari awagawie sauti ya kwanza mpaka ya nne. Zawose alikulia humo. Koo lake lilikuwa la ajabu, likishuka chini kama nguruma ya mbali na kupanda mpaka ukadhani anayeimba ni mtoto.

Chombo chake kikubwa kilikuwa ilimba, yaani marimba ya Kigogo. Msomaji asichanganye na marimba ya mbao zinazogongwa kwa vijiti. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma vilivyopangwa juu yake, nawe unalishika kwa mikono miwili na kuvikwanyua kwa vidole. Zipo ndogo, na zipo kubwa zenye vijiti zaidi ya sitini. Sasa hapa pana jambo lililonishangaza nilipolisoma. Katika hizo kubwa, vijiti vingi havikwanyuliwi kabisa. Vipo tu pale, na vile vinavyopigwa vikilia, hivyo visivyoguswa navyo hutetemeka na kuitikia. Yaani nusu ya chombo kazi yake ni kusikiliza.

Kuna na tundu kwenye sanduku hilo, ambalo huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui, ule anaofunikia mayai yake. Utando huo unatetemeka na kutoa mlio kama wa nyuki. Mtu asiyejua, hasa fundi mitambo wa studio, anaweza kudhani kipaza sauti kina kasoro akaanza kuhangaika na waya. Kumbe bila ule mzizimo Mgogo ataona chombo kimekufa.

Hata mpangilio wa sauti zake si ule wa kinanda cha kwaya. Ukikwanyua waya mmoja, ndani ya mlio wake mna milio mingine midogo iliyojificha, mmoja juu ya mwingine kwa utaratibu wa maumbile. Wataalamu waliochunguza muziki wa Wagogo wameonyesha kwamba sauti zao wamezichukua kwenye ngazi hiyohiyo ya asili. Ndiyo maana baadhi ya sauti ziko chini kidogo ya zile za kinanda. Mwanakwaya aliyelelewa na kinanda atasema ilimba imekwenda kombo. Mgogo naye anaweza kusema kinanda ndicho kilichokwenda kombo, na kwa hesabu za fizikia Mgogo ana hoja.

Pamoja na ilimba, Zawose alipiga zeze, filimbi na ngoma, na alijifunga njuga miguuni akacheza huku anapiga na kuimba. Zeze la kawaida lina nyuzi chache, lakini yeye alipiga hata mazeze makubwa yenye nyuzi nyingi. Hakuwa mtunza makumbusho. Alichukua alichorithi akakiongezea.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, na mwaka uliofuata ikawa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, akisema wazi kwamba ukoloni ulitufanya tuone aibu kwa ngoma zetu. Hapa ndipo mtu wa kanda yetu anaingia kwenye habari hii. Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeanzia shule Mwisenge pale Musoma, alivutiwa na kijana huyu wa Kigogo, akamwalika aende kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Zawose hakuitwa kwa sababu ya cheti. Aliitwa kwa sababu ya alichokuwa anaweza kukifanya kwa vidole na koo lake. Aliyemwita alikuwa mwalimu kwa taaluma, mwenye shahada ya Edinburgh. Kama mwanafunzi wa elimu, hapo huwa nasimama kidogo.

Akiwa Dar es Salaam alikuwa katika kikundi cha taifa cha ngoma. Kikundi hicho kilikusanya wasanii wa makabila mbalimbali, na Msukuma akajifunza sindimba ya Wamakonde, Mmakonde akajifunza bugobogobo yetu ya majembe. Kuna waliolalamika, na lalamiko lao lina uzito. Walisema ngoma ya jando, ya mavuno au ya kuomba mvua ikipandishwa jukwaani mbele ya mgeni wa serikali na kukatwa iwe dakika tano, inabaki viungo bila roho. Mimi nakubali kwamba kuna kilichopotea. Lakini niseme pia kwamba bila kikundi kile, kijana wa Mwanza asingejua kwamba Mgogo ana ilimba, na pengine Zawose angebaki anajulikana vijiji vitatu tu.

Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa tunakiita TaSUBa. Wasanii wa vikundi vya taifa ndio waliokuwa msingi wa chuo hicho, na Zawose akawa mmoja wa walimu. Fikiria mabadiliko hayo. Mtu aliyejifunza kwa kusikia, kwa kukaa karibu na wakubwa na kuiga mpaka mkono ukakubali, sasa yuko kwenye taasisi yenye ratiba, mihula na mitihani. Wanafunzi wake walikuwa Watanzania wa kila mkoa, na pia vijana kutoka nchi za nje, ambao wengine walikuwa wamezoea kusoma nota kwenye karatasi.

Sisi tunaosomea ualimu tumefundishwa kuandika andalio la somo lenye umahiri, malengo mahususi, zana na tathmini. Je, ilimba unaiandalia somo vipi? Huwezi kumwambia mwanafunzi akariri. Huwezi kumpa maswali ya kuchagua. Inabidi vidole vyake vya mkono wa kulia vizoee mwendo wao mpaka visahaulike, vya kushoto navyo hivyohivyo, halafu juu ya yote hayo aweze kuimba wimbo wenye mwendo wa tatu. Na tathmini haihitaji wiki mbili za kusahihisha, maana aliyekosea anajisikia papo hapo, na jirani yake naye anamsikia. Nikikumbuka kijana wangu wa dawati la nyuma, yeye alikuwa ameshafika hatua ya pili kabla mimi sijafungua kitabu.

Bagamoyo ndiyo iliyomtoa Zawose nje ya nchi. Katika miaka ya 1980 aliongoza kundi lililojulikana huko kama Master Musicians of Tanzania, akiwa na akina Lubeleje Chiute na Dickson Mkwama. Albamu yao ya Tanzania Yetu ilitolewa London mwaka 1985 na kampuni ndogo iitwayo Triple Earth, kisha ikafuata Mateso. Kampuni ya JVC ya Japani nayo ikatoa albamu yake. Wakati huo watu wa Ulaya walikuwa wameanza kununua muziki wa Afrika, lakini wengi walitaka magitaa na dansi. Zawose aliwapelekea sanduku la mbao lenye utando wa buibui, na wakakaa wakasikiliza.

Kisha akaja Peter Gabriel, mwanamuziki wa Uingereza aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa tamasha la WOMAD, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Gabriel ana kampuni ya muziki iitwayo Real World, yenye studio kwenye kinu cha zamani katika kijiji cha Box huko Uingereza. Mwaka 1996 Real World ikatoa Chibite ya Zawose. Baadaye alitoa nyingine, Mkuki wa Rocha, akiwa na mpwa wake Charles Zawose. Mwaka 2002 ikatoka Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji kutoka Kanada. Hiyo ni tofauti na zote, kwa sababu humo ilimba na zeze vinakutana na gitaa la umeme na mitambo ya studio. Mwaka huohuo Hukwe na Charles walisafiri na Gabriel Marekani katika ziara yake kubwa, wakapanda kwenye kumbi ambazo kwa kawaida watu huenda kutazama mpira wa kikapu.

Wapo watakaosema Assembly si muziki wa Kigogo tena. Mimi nimeisikiliza kwa spika za simu hosteli, kisha nikaazima za masikioni nikaisikiliza upya, na naona mzee hakumezwa. Mitambo inazunguka pembeni, lakini mwendo unabaki ule wa vidole vyake. Aliyezoea kupiga chombo ambacho nusu yake husikiliza, hakuogopa kumsikiliza mgeni.

Hukwe Zawose alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Ni mwaka niliozaliwa mimi, kwa hiyo kwangu amekuwa marehemu maisha yangu yote. Na mwaka uliofuata, 2004, Charles naye akafariki. Hebu pima hasara hiyo. Mzee anaondoka, na yule aliyekuwa ubavuni mwake jukwaani, anayejua anachokijua mzee, anamfuata kabla vumbi halijatulia. Kama ujuzi wote ungekuwa kwa hao wawili tu, habari ingeishia hapo. Tungebaki na albamu, na albamu hukuonyesha samaki alivyopikwa bila kukufundisha kuvua.

Haikuishia hapo, na sababu ni kwamba Zawose alikuwa amefundisha. Alifundisha chuoni, na alifundisha nyumbani, kwenye ukoo mkubwa uliojikusanya Bagamoyo. Mwanawe Msafiri Zawose leo ni mwanamuziki anayejitegemea, anayechanganya zeze na ilimba na mitambo ya kisasa, na mwaka 2017 alitoa albamu iitwayo Uhamiaji. Hao wengine wa ukoo wanaendelea kupiga, kutengeneza vyombo na kufundisha.

Lakini nisimpambe marehemu kupita kiasi. Kwenye muziki wa Wagogo wanawake wana ngoma zao, muheme, ambazo huzibana katikati ya mapaja na kuzipiga kwa nguvu, na hapo mwanamume hana la kusema. Ila ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume. Kwenye kundi la ukoo, kwa miaka mingi mabinti walikaa nyuma, wakaitikia, wakapiga ngoma na kucheza, huku anayeongoza na kutunga akiwa mwanamume. Darasa la Zawose lilikuwa na wanafunzi wa mstari wa mbele na wa mstari wa nyuma, kama madarasa yetu.

Sasa ona kilichotokea. Wale wa nyuma walikuwa wanasikiliza wakati wote. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wanawake wa ukoo huo, walitoa albamu yao kwa jina la The Zawose Queens. Inaitwa Maisha, na imetolewa na Real World ileile iliyomtoa mzee. Humo wao ndio wanaoongoza, wao ndio wanaotunga, na vyombo wanavipiga wenyewe. Hakuna aliyewaandalia somo la uongozi. Walikaa karibu na kazi miaka mingi, kama vile vijiti vya ilimba visivyoguswa ambavyo hata hivyo vinaitikia, na siku ilipofika wakawa tayari.

Nirudi kwetu. Mwezi uliopita nilipanda daladala mpaka Kisesa, nikaenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, miaka ya 1950. Kuna ngoma pale ukubwa wake unakufika kiunoni. Ni hapo ambapo kila mwaka kwenye sherehe za Bulabo Wagika na Wagalu wanashindana kama walivyoshindana babu zao, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Nilisimama mbele ya zile ngoma nikafikiri kwamba sisi Wasukuma tumepata bahati. Shule yetu ya ngoma haikusubiri wizara. Ipo, ina waalimu wake, ina mitihani yake ya hadharani, na yule kijana wangu ni mwanafunzi wake.

Kilichokosekana siku ile shuleni ni mwalimu wa kutambua hivyo, na mwalimu huyo alikuwa mimi. Mwalimu Nyerere alisikia marimba ya kijana wa Dodoma akajua amekutana na mtu wa kufundisha wengine. Mimi nilisikia ngoma kwenye dawati nikasikia kelele.

Mwezi wa saba tunakwenda BTP ya pili. Nimeomba nirudishwe shule ileile, na kama orodha itanikubalia, yule kijana atakuwa kidato cha pili. Nimeshapanga kwamba kipindi cha kwanza cha sanaa za maonyesho nitakaa kwenye dawati la nyuma, yeye akae mbele. Kwanza, lakini, itabidi nimwombe radhi mbele ya darasa zima, maana mbele ya darasa zima ndipo nilipomtoa.